Tatizo Nililolipeleka Iringa

Jumanne, 13 Julai 1976. Iringa

Uji tena, na mkate mkavu. Maji ya kunawa yanauma vidole. Leo somo la kuitisha mikutano: ajenda, akidi, kumbukumbu. Sisi viongozi wa vikundi vya utamaduni, watu wazima na vitambi vyetu, tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa shule. Mkufunzi katoka Dar es Salaam, anaandika ubaoni kama anayekimbilia basi. Wenzangu wa kwaya wanajua kusema. Mimi, katibu wa kikundi cha ngoma kutoka Mbeya, sijafungua mdomo tangu nifike. Inaniuma. Sikuja huku kuwa kinyago.

Alhamisi, 15 Julai

Leo nimeufungua mdomo. Kila mmoja alitakiwa aeleze tatizo la mwanachama wake, bila kutaja jina, darasa litafute dawa. Nikaeleza habari za mwanamke anayetuanzishia nyimbo, jinsi anavyochelewa mazoezini. Nilianza kwa heshima. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikaonja utamu wake. Basi nikaigiza anavyoingia kwa kunyata, kitenge begani, na visingizio vyake: leo mume anakohoa, kesho mume anakohoa, mtondo mume bado anakohoa. Nikakohoa na mimi. Darasa likavunjika mbavu. Mkufunzi alifuta machozi, akasema mfano wangu ndio bora.

Wakati wa chakula wakubwa wa mafunzo wameniita mezani kwao. Nimefurahi sana. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 16 Julai

Furaha imeniishia. Mama Sekela, huyo mwanzishaji wetu wa nyimbo, si mvivu, na si visingizio. Mume wake alirudi kutoka migodini na TB. Anatema damu. Hawezi kumwacha peke yake mpaka binti yao arudi na maji. Aliniambia mimi tu, nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi: "Kaka, unisitiri. Watu wakijua, maandazi yangu nani atayala?" Maandazi hayo ndiyo yanayolisha nyumba yao. Nilimwambia aondoe shaka.

Najifariji. Sikutaja jina. Iringa ni mbali na Mbeya.

Jumatatu, 19 Julai

Mfano wangu umegeuzwa mchezo wa kuigiza. Utaonyeshwa Jumamosi, siku ya kufunga mafunzo, mbele ya mgeni rasmi. Mama mmoja wa kwaya ya Ilula ndiye mchelewaji. Anakohoa kwa ufundi kweli. Nilikuwa nacheka na wenzangu pale mkufunzi aliposimama kutangaza jambo jingine. Kwa heshima yangu, kikundi changu ndicho kitakachotumbuiza siku hiyo. Lori litawafuata Mbeya.

Wote wakanipigia makofi. Nikainama kuwashukuru.

Jumatano, 21 Julai

Nimekwenda kwa mkufunzi kuomba mchezo ubadilishwe. Akauliza kwa nini. Jibu lilikuwa moja: nimetoa siri ya mtu aliyeniamini. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametufundisha kwamba kiongozi ni kifua cha kutunzia siri za watu. Nikamtazama, nikasema, "Naona ni mrefu kidogo, ndugu." Akasema watapunguza. Nikamshukuru.

Mwoga mimi. Sina neno jingine.

Ijumaa, 23 Julai

Wenzangu wa kikundi wamefika, wamepauka kwa upepo. Lori liliwaharibikia Chimala, wakateremka wakaimba kando ya barabara mpaka likatengenezwa. Mama Sekela ameniletea maandazi ndani ya kitambaa cheupe. "Ndaga, kaka," akanisalimu kwa kilugha chetu. "Mbona umekonda? Huku hawakupi kula?" Mume kamwacha kwa dada yake. Amesema asingeniangusha siku yangu.

Tulikaa benchi moja muda wote wa chai. Nafasi niliipata. Nikamweleza mpango wa kesho, nani ataingia jukwaani kabla ya nani. Habari ya mchezo wenyewe nikairuka, nikachukua andazi jingine.

Jumamosi, 24 Julai

Yamekwisha.

Kikundi changu kilikaa mstari wa pili. Yule mama wa Ilula alipoingia kwa kunyata na kitenge chake, Mama Sekela alikuwa wa kwanza kucheka. Kikohozi cha kwanza, akanyamaza. Cha pili, akatazama mikono yake. Mzee Mwakalinga, mpiga ngoma wetu, akageuka kumwangalia. Halafu mwingine. Halafu wote. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Mgeni rasmi alipiga makofi mpaka akasimama.

Kisha zamu yetu. Kwetu anayeanzisha wimbo ana ruhusa ya kumsema yeyote aliye kwenye duara: mchoyo, mlevi, aliyegombana na mkewe. Anayetajwa hucheka, huingia kati akacheza, na maneno huishia hapo. Nilisimama kwenye duara nikingoja. Nilitaka anitaje. Nilitaka anivue nguo mbele ya mgeni rasmi na watu wote wale, kisha niingie kati nicheze. Aliimba wageni, akaimba mkufunzi, akaimba Iringa na baridi yake. Sauti haikutikisika. Mimi hakunigusa.

Nimepewa cheti. Nimekikunja kabla wino haujakauka.

Jumapili, 25 Julai. Mbeya

Lori lilijaa, tena na mizigo, lakini pembeni ya Mama Sekela palibaki wazi njia nzima. Mimi nilipanda mbele na dereva, nafasi ya kiongozi. Tuliposimama Nyololo nilishuka, nikaona pale penye uwazi. Nikarudi mbele.

Tulipofika nilimwomba radhi. Nilisema mengi, mengine nimeyasahau. Alikuwa anafunga khanga yake vizuri.

"Haya, ndugu Katibu."

Miaka yote hii aliniita kaka.

Alhamisi, 5 Agosti

Mazoezi. Mama Sekela alifika kabla yetu sote. Sikuthubutu kuuliza nani kabaki na mgonjwa. Beseni la maandazi analotuletea kila mazoezi lilikuwa kwenye meza, limefunikwa. Zamani lingekuwa tupu kabla ngoma haijaguswa. Leo watu waliangalia miguu yao. Nikaenda nikachukua moja, nikala mbele ya wote. Lilikuwa tamu kama siku zote. Mzee Mwakalinga akaja akachukua mawili. Wengine wakabaki walipo.

Tukafanya duara, akashika wimbo. Akaanza na Mzee Mwakalinga na tumbo lake linalomtangulia mlangoni. Mzee akaingia kati, akalitikisa, tukacheka. Akaja kwa Atupele, aliye kulia kwangu, na viatu vyake vipya vinavyolia njia nzima. Atupele akacheza, akarudi mahali pake. Iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Nikaweka sawa miguu.

Akamtaja aliye kushoto kwangu.

Watu wakaitikia. Nami nikaitikia.