Drafti Zangu Mbili

Kitale, 14 Julai 2004

Kwa mwanangu Gathii,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, guka, babu yako, ameanza kutembea tena, dada yako Mary Ann ana kikohozi kidogo, na ng'ombe yule mweusi amezaa.

Wewe uliandika ati chuoni unasoma drafti za hadithi za zamani za mazimwi. Mwanangu, drafti mimi najua moja, ule mchezo wa vifuniko vya soda uliofanya baba yako afutwe kazi. Nikaona basi, masomo yameisha. Wiki mbili sikula vizuri.

Jumapili Mwalimu Absalom wa Kimilili akapita hapa, nikamwonyesha barua. Akacheka mpaka akamwaga chai.

"Mama Gathii, drafti ni zile karatasi mwandishi anaandika kwanza, anakatakata, anaandika tena. Kijana anafuata vile zimwi, kwenye karatasi za kwanza, lilianza likiwa kuku."

Nikapumua.

Hii barua ni ya tatu. Kwenye zile mbili za kwanza nilikugombeza vibaya, sikuzituma. Mary Ann anasema ati nizichome, lakini nimeziweka chini ya godoro. Si hiyo ndiyo kazi yako? Utazisoma nikishazeeka.

Jibu haraka, kabla sijaanza ya nne.

Mama yako,
Wangui