Plasta Kwenye Jicho Zima

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sote tumeamka salama. Wafula, baba ya mtoto, hajambo huko aliko, alilala Kitale na lori la mahindi. Kukhu, mama yake, aliyetoka Turbo kuja kutusaidia, hajambo, ni mgongo tu. Mama Chebet wa mlango wa pili hajambo, nimesikia akikohoa akipima maziwa. Mimi sijambo. Nafula wangu hajambo, ila jicho.

Nimembandika plasta kabla sijatoka, nikamvalisha miwani juu yake. Plasta inakaa jicho la kulia, na hilo ndilo zima. La kushoto ndilo linaangalia pua. Nafunga zima ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Nikieleza watu, wananiangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

Leo hakulia. Hata ngozi imepona, ule wekundu wa shavuni umeisha. Amezoea. Asante Mungu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Viazi vya Burnt Forest vimekuja hotelini na matope yote ya shamba. Nimemenya tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi.

Watoto wa ploti wanamwita Nafula "Plasta". Yeye huwajibu kwamba kwao hawana hata ya kidonda. Nilicheka, halafu nikaumia.

Kukhu ameanza tena wakati wa chakula. "Wewe na daktari wako mnafunga ng'ombe mwenye maziwa, mnakamua mkavu." Wapangaji walisikia, wakacheka. Mimi nikaendelea kupakua. Mimi niliachia darasa la sita.

Lakini nilielewa. Daktari alinichorea jicho kwenye karatasi. Mbele konea, kama kioo cha saa. Halafu mboni, ile nyeusi, kumbe ni tundu tu. Halafu lenzi. Nyuma kabisa retina, pale picha inaangukia, na neva inayoibeba picha kwenda kwa ubongo. Akasema kwa Nafula konea ni safi, lenzi safi, retina safi. Ubongo ndio umelikataa jicho kwa sababu limepinda. Ukilikataa miaka mingi, hautalikubali tena. Akifika miaka saba, nane, mlango unafungwa. Nafula anafika saba Septemba.

Kwa ukuta wa kliniki kuna picha za magonjwa. Mtoto wa jicho. Presha ya macho. Trakoma. Nawaonea wivu wenye mtoto wa jicho. Wao wanapasuliwa, lenzi mbaya inatolewa, nyingine inawekwa. Hakuna mkwe anayebishana na kisu. Mimi dawa yangu ni plasta, na plasta kila mtu anaijua kuliko daktari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuta uji umeganda ukingoni mwa plasta. Nimemgombeza kwa kula vibaya. Aliinama tu. Nikamkumbatia baadaye, ananuka moshi na mafuta ya nywele. Kliniki ni Ijumaa. Nina matumaini makubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Walimfunika jicho la kulia, wakamwonyesha zile herufi zinazoangalia huku na huku, mtoto anaonyesha kwa mkono zimeelekea wapi. Alipata ile kubwa ya juu, tena waliposogeza chati karibu. Ya pili akaanza kukisia. Ya tatu akaniangalia mimi.

Hakuna kilichobadilika tangu tuanze. Hakuna.

Daktari ni msichana mdogo, sauti ya upole. Alimtuma Nafula nje kwa sista, akafunga mlango.

"Mama, niambie ukweli. Hii plasta inakaa?"

Nikasema inakaa. Naibandika mwenyewe asubuhi, nikirudi jioni naikuta. Akasema jicho kama hili lilipaswa kuwa limesogea, hata kidogo. Akaandika kitu kwenye kadi. Akasema turudi Juni. Kama Juni litakuwa hivi hivi, hawataendelea kumsumbua mtoto bure. Wakati mwingine ubongo unakataa kabisa.

Aliniona mwongo. Nimetembea naye mpaka stendi. Nafula akaniuliza kama amefeli.

Jumamosi, 15 Machi

Si mimi mwongo.

Leo lori la viazi lilikwama, mwenye hoteli akaturudisha nyumbani mapema. Nimeingia getini, nikamkuta Nafula anaruka kamba na wenzake. Macho yote mawili wazi, miwani haipo. Aliponiona aliachilia kamba, akajifunika jicho la kulia kwa mkono, haraka sana. Hiyo haraka ndiyo iliyonimaliza.

Nimeingia ndani. Plasta iko kwenye chupa ya chai. Imebandikwa pale ubavuni, inangoja jioni. Na pembeni yake alama za gundi, moja juu ya nyingine, chupa nzima inanata. Kila asubuhi nikitoka, Kukhu anaibandua. Kila jioni kabla sijafika, anairudisha. Gundi ikiisha nguvu, anapaka uji.

Uji. Na mimi nikamgombeza mtoto.

Kukhu alikuwa anachambua maharagwe. Hakushtuka hata. Akasema mtoto alianguka kwenye mtaro mwezi ule wa kwanza wa plasta akiwa amefungwa jicho, akaingia nyumbani anatoka damu gotini, na mimi sikuwa hapa. Akasema jicho likifungiwa gizani linaoza. Akasema, "Huyu ni damu yangu. Sikutoka Turbo kuja kulea kipofu."

Nikamwambia ni yeye anamfanya kipofu. Sauti yangu ilipanda, ploti nzima ilisikia. Sijawahi kumwambia mama mkwe neno kama hilo. Sijuti.

Nafula amesema ilikuwa siri yao wawili. Alikuwa anapewa kipande cha muwa.

Jumapili, 16 Machi

Wafula amerudi. Nilimpa chakula kwanza, nikamweleza pole pole, vile daktari alivyosema. Ubongo, neva, yote. Alisikiliza akiangalia simu.

Amesema makengeza ni ya kwao. Shangazi yake alikuwa nayo, akaolewa vizuri tu. Amesema jicho la kuangalia kando halijawahi kuua mtu. Amesema niende nikamwombe mama yake msamaha.

Nimeomba. Kwa mdomo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefika nyumbani, mlango umefungwa na kufuli. Mama Chebet ndiye amenipa ufunguo, hakutaka kuniangalia usoni. Kukhu ameondoka na Nafula kwenda Turbo saa nne. Nguo za mtoto hazipo. Sare imebaki. Miwani iko dirishani, na paketi ya plasta chini yake.

Nimempigia Wafula. Alijua. Amesema mtoto atasoma huko, kuna hewa nzuri, kuna maziwa, na mimi nitapata nafasi ya kufanya kazi yangu. Amesema mtoto ni wa nyumba yao.

Sijala. Nimelala upande wake wa godoro.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeenda Turbo. Mwenye hoteli alisema nikienda nisirudi, nikaenda.

Wafula alikuwa huko, anashusha magunia kwa mama yake, amevaa koti la baridi na kofia ya lori. Nafula alinikimbilia na matope mpaka magotini. Amenenepa kwa siku hizo chache, ama ni mimi nilikuwa nimemkosa.

Sikugombana. Njia yote nilikuwa nimefikiria kitu kimoja tu. Nilimkalisha Nafula kwenye kigoda, nikambandika plasta, nikamvalisha miwani. Kukhu akasimama kutoka jikoni. Nikamwambia Wafula asimame pale karibu na ghala la mahindi, asiseme neno. Nafikiri alikubali kwa sababu vijana wa magunia walikuwa wanaangalia.

Nikamuuliza Nafula, yule ni nani?

Akageuza kichwa, akakigeuza tena, kama kuku anayetafuta punje. Akasema ni mtu. Nikamwambia aende amsalimie. Akaenda pole pole, mkono mbele, akakanyaga ukingo wa turubai. Akafika karibu naye kabisa. Akanyoosha mkono vile tulivyomfundisha kusalimia wageni.

"Jambo, mjomba."

Wafula hakuupokea mkono. Alikuwa anamwangalia tu. Nafula akarudia salamu, kwa heshima, akidhani hajasikika. Ndipo Wafula akamwita kwa jina, na mtoto akacheka, akasema kumbe ni baba, mbona umenyamaza.

Kukhu akasema mtoto anacheza, amefundishwa. Wafula alimrudisha Nafula nyuma mpaka kwa kigoda, akainua vidole, akauliza ni vingapi. Akasogea, akauliza tena. Alisogea mara nyingi. Alipopata jibu la kweli, mkono ulikuwa umekaribia kugusa miwani.

Akaketi juu ya gunia. Vijana wakaendelea kushusha mahindi bila yeye.

Jumatatu, 24 Machi

Tumerudi nyumbani Langas, mimi na Nafula. Kukhu amebaki kwake. Hatukuagana.

Wafula hajaomba msamaha. Ameninunulia kitenge. Nimekikunja nikakiweka.

Kinachoniuma ni hiki. Miezi yote hiyo nimesema. Nimesema kwa upole, nimesema kwa machozi, nimeeleza na mchoro. Ilibidi mtoto wake amwite mjomba ndiyo aamini. Neno langu halikuwa na uzito wa vidole vyake mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Hoteli wamenirudisha, hakuna mwingine anayemenya haraka kama mimi. Mama Chebet anakaa na Nafula mchana. Nimemwambia akiitoa hiyo plasta tutakosana mpaka kaburini. Akasema, "Mama Nafula, mimi nakuogopa kuliko daktari." Tumecheka kidogo.

Ngozi imekuwa nyekundu tena. Jana alilia mpaka akatapika. Ananiita mbaya. Anamtaka Kukhu. Namshika mikono asibandue, huku namwimbia. Wapangaji wanasikia. Wafikirie wanachofikiria.

Wekundu huu ulipoisha kule Machi, nilipaswa kushtuka. Mimi nikashukuru Mungu.

Jumapili, 11 Mei

Kukhu amepiga simu kwa Wafula. Anasema anaona ukungu, taa zina miviringo, jana alimwaga chai nje ya kikombe. Mimi najua ni nini, nimeiona kwa ukuta wa kliniki. Ni mtoto wa jicho. Hutolewa, watu wanarudi kuona. Wafula akamwambia aje apelekwe. Amekataa. Amesema hataki watu wa kushika macho.

Nilifurahi. Kama dakika moja hivi nilifurahi kabisa. Halafu nikaona aibu, nikamtumia Kukhu ujumbe kwamba nitamsindikiza mwenyewe akitaka. Hajajibu.

Jumanne, 3 Juni

Nafula amenisomea paketi ya unga, plasta ikiwa jichoni, kwa urefu wa mkono. Nilimwambia arudie. Halafu nikakumbuka hiyo paketi anaiona kila siku, labda anaijua kwa kichwa. Nikatafuta gazeti la kufungia nyama. Alipata herufi kadhaa. Nyingine akasema zinaogelea.

Sijui kama hiyo ni kusogea. Nimeogopa kumwambia Wafula.

Ijumaa, 13 Juni

Leo ni kliniki. Kuna sherehe hotelini, sikupewa ruhusa. Wafula ndiye amempeleka. Lori amemwachia mwenzake.

Asubuhi alitaka kuibandika plasta yeye. Aliiweka juu sana, ikashika nyusi, Nafula akalia. Akaibandua kwa mate, taratibu, akabandika nyingine. Ya pili ilikaa. Nilisimama mlangoni nikiwa na ndoo, sikuingilia.

Wameenda wameshikana mikono. Nafula alikuwa anamwonyesha vitu njiani, sikusikia ni nini.

Nimekaa kwenye gunia la viazi. Simu iko mfukoni mwa aproni. Nimemwandikia Wafula: daktari akimaliza usingoje mpaka mfike nyumbani. Nitumie neno hapo hapo, haraka, hata kama ni baya.