Karatasi Nyekundu Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Mzigo umefika! Kitinda mimba wangu sasa ni mwagizaji. Si mchuuzi — mwagizaji, na kibali chenye jina lake nimekiona kwa macho yangu. Kamba waliopikwa, wakamenywa, wakagandishwa huko ng'ambo. Maboksi meupe, mazuri kama zawadi za harusi. Yameingia kwenye chumba cha baridi alichojenga uani, pale nilipokuwa naanika nguo. Sikunung'unika. Nguo zitakauka popote.

Mkaguzi wa chakula kaja. Mwanamke mwembamba, hacheki. Kasema vyakula vya namna hii ni vya hatari, vinaweza kuua mtu bila kutoa harufu, kwa hiyo cheti cha kule vilikotoka hakitoshi. Kachukua kamba wachache wapelekwe maabara. Kisha kabandika karatasi nyekundu yenye muhuri, nusu mlangoni, nusu kwenye fremu. Hakuna kufungua, kuhamisha wala kuuza mpaka majibu yatoke.

Nikamwambia, dada, huyu binti tangu darasa la kwanza hajui nafasi ya pili ikoje.

"Hongera, mama. Mlango usiguswe."

Usiguswe! Kwani mimi mwizi?

Alhamisi, 6 Machi

Majibu bado. Binti hali, hakai. Hoteli kubwa ya mjini inamsubiri, ikichoka itanunua kwingine. Aliacha kazi ya ofisini kwa ajili ya maboksi haya. Nimempikia uji, kasema, "Mama, ukinipa uji tena nitapasuka."

Mtaa mzima unajua. Nimewaambia mwenyewe! Bucha — yule muuza nyama wa nyumba ya pili — kauliza kama naye atagawiwa. Nikamwambia apange foleni.

Jumamosi, 8 Machi

Leo mimi ndiye nimeokoa biashara!

Umeme ulikatika asubuhi. Binti kaenda kuonana na watu wa hoteli, simu haipatikani. Nikaweka sikio kwenye mlango wa chumba cha baridi — mashine kimya. Mara maji yanachuruzika chini ya mlango. Nifanyeje? Nikae nitazame jasho la mwanangu likiyeyuka? Bucha ana jenereta. Nikaibandua karatasi polepole kwa kisu cha siagi. Ikachanika, lakini kidogo tu. Tukabeba, mimi na Bucha, juani, tukayapanga maboksi kwenye friza lake juu ya nyama. Umeme uliporudi tukayarudisha, karatasi nikaigandisha kwa unga wa ngano uliokorogwa. Huwezi kujua!

Mgongo unauma vibaya. Mtaani sasa naitwa Kamanda. Bucha anamsimulia kila mteja. Akipunguza chumvi, naongeza.

Jumapili, 9 Machi

Nilimweleza binti jana aliporudi, nikingoja anikumbatie. Akakaa chini, sakafuni pale pale. Hakupiga kelele — heri angepiga.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Chumba kile kuta zake ni nene, kingetunza baridi hadi jioni kama kingebaki kimefungwa. Maji yale yalikuwa ya barafu ya mashine tu. Lakini sasa kamba wamepigwa jua, wamelala juu ya nyama mbichi. Maabara inapima wale wa Jumanne, si hawa. Wakaguzi wakigundua, kamba wote watachomwa moto. Na kibali chake kitafutwa.

Nikasema, nani atajua?

Akaniangalia. Kofi la kwanza nililowahi kumpiga, na la mwisho, lilikuwa kwa kosa la kusema uongo.

Jumatatu, 10 Machi

Hatusemezani. Nimepika, chakula kimelala. Nimepita mtaani kuwaomba watu waache ile hadithi. Wanacheka — Kamanda kaanza kuona haya! Bucha sikumkuta. Kaenda mnadani kununua ng'ombe.

Jumanne, 11 Machi

Majibu yametoka. Safi! Safi kabisa. Yaani ningekaa tu na kikombe changu cha chai Jumamosi ile, leo ningekuwa napiga vigelegele. Nimelia kwenye taulo.

Mkaguzi yuko uani, kaja kuondoa karatasi. Mimi niko chumbani, dirisha wazi, naandika ili mikono ipate kazi. Anaisugua karatasi kwa kidole. Anauliza huu unga ni wa nini. Binti anasema iliachia kwa unyevu, akaigandisha. Mlango haukufunguliwa? Haukufunguliwa.

Sauti haikutetemeka hata chembe. Hapo ndipo nilipokatika maini. Kaufanya uongo vizuri, kama anavyofanya kila kitu. Na hao watakaokula hotelini, na watoto wao?

Nitoke nikaseme? Bado nimekaa, naandika.

Mkaguzi anatoa kalamu. Anaegemeza karatasi za ruhusa ukutani.

Geti linalia. Bucha! Karudi na sauti yake ya mnadani.

"Karibu, mkaguzi! Umeshaambiwa alichofanya mama mwenye nyumba? Maboksi yote, mpaka kwenye friza langu, juani! Yuko wapi? Kamanda! Njoo usimulie mwenyewe, mimi huwa napunguza!"

Kalamu imesimama. Mkaguzi anamtazama binti yangu. Binti yangu hamtazami — anatazama dirisha langu.

Wananiita