Nyumba ya Desemba

Elerai, Arusha
Mwezi wa sita, baridi imeanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naamini barua hii itakukuta umeketi jikoni karibu na moto, maana baridi ya kwetu Rombo naijua, na hata huku Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima hatujauona. Magoti yanasemaje? Na lile sweta alilokuletea mkweo Felista unalivaa, au umeshamgawia mtu? Sisi hatujambo. Mkweo anatembea bila fimbo sasa, na hilo ni moja ya mambo ninayotaka kukueleza.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako inawekwa spika, na ikishawekwa spika hadi kwa katekista wanasikia. Nina neno ambalo nataka lifike kwako kwanza. Shemeji Kristina, wewe unayemsomea Mama, funga mlango, soma polepole, na usiruke mahali.

Mama, nyumba sijajenga. Na sitajenga.

Nimelisema mapema ili usisikilize barua nzima na wasiwasi kama niliokaa nao mimi miezi minne. Uliponiuliza baada ya Pasaka nilikuambia mafundi wanakuja. Hakuna fundi. Ulipouliza tena nikasema nondo zimepanda bei. Ni kweli zimepanda, lakini mimi hata dukani sikuwa nimekanyaga. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, nashika simu namdanganya mama yangu huku natazama ukuta. Nimeona aibu, na naomba unisamehe kwa huo uongo kabla ya jambo lenyewe.

Krismasi iliyopita naikumbuka vizuri. Ukoo wote umerudi, magari yamejaa mpaka barabarani, na mimi nikasimama pale kihambani, kwenye ardhi ya babu zetu, na pombe ya mbege mkononi, nikatangaza kwamba kiinua mgongo changu kikitoka, ule msingi wangu unaoota magugu tangu Baba yuko hai utapandishwa ukuta. Watu wakapiga makofi. Wewe ukanishika viganja ukavitemea mate ya baraka. Ndiyo maana nikashindwa kusema. Ahadi ya mbege mtu anaweza kuikwepa, lakini baraka ya mama unaikwepaje?

Mafao yalipotoka mwezi wa pili, ghafla nikawa na ndugu wengi kuliko nilivyojijua. Mmoja alitaka tufuge kuku wa nyama, mwingine ana gari la kuniuzia, la bei ya undugu. Sisi wapishi tunajua harufu ya chakula inavyoita watu, kwa hiyo hao sikuwalaumu, niliwapa chai wakaenda. Mawazo yangu yalikuwa Rombo. Nilishapanga hadi rangi ya geti.

Siku niliyotoka kwenda kumtafuta fundi, nikakumbuka kwanza nimpitie Aloyce. Huyu alikuwa mtunza stoo pale chuoni nilipokuwa napika, alistaafu miaka minne kabla yangu. Nyumba yake ya Kibosho utakuwa umeisikia, ghorofa moja, vigae vyekundu, kila Desemba watu wanapita kuipiga picha. Nilitaka aniambie fundi wake ni nani. Nikamkuta anaishi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya bucha, hapa hapa Elerai.

"Karibu Kasian," akaniambia. "Kaa kitandani, kiti ni kimoja."

Nikamuuliza, "Kwani si ungeenda kukaa kwenye nyumba yako?"

"Nikale vigae? Kliniki yangu ya presha iko hapa. Mama watoto anauza mboga hapa. Kule hata umeme siwezi kuulipia. Mwenye kuifaidi ile nyumba ni mlinzi."

Kisha akaangalia mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake hajatuma kitu mwezi ule na dawa zimemwishia juzi. Mama, huyu mtu alikuwa anashika funguo za stoo ya wanafunzi mia nane. Nilimwachia nilichokuwa nacho mfukoni nikarudi nyumbani, fundi sikwenda kumtafuta.

Felista nilimkuta ameweka mguu juu ya stuli. Goti lile lilimsumbua miaka miwili, kila mara tunasema tukistaafu tutaliangalia. Nikamweleza habari za Aloyce. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi Krismasi sikutaka kukukatisha mbele ya mama mkwe. Ila ile ramani yako ya Rombo ina ngazi kumi na sita. Nitazipandaje?"

Hapo ndipo nikaanza kufikiri kama mpishi. Ukitoa mchele wote wa muhula wiki ya kwanza, wanafunzi watakula pilau na kukusifu, halafu wiki ya tatu watakupiga mawe. Mimi niliyapangia matumbo ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na mbili, na uzee wangu mwenyewe nataka kuupika wote siku moja.

Basi tumefanya hivi. Goti limefanyiwa upasuaji. Bima ya afya tumelipia sote wawili. Vile vyumba vitatu vya nyuma ya nyumba yetu hapa Elerai, vilivyokuwa vimekwama kwenye lenta bila paa, tumevimalizia, na wapangaji wawili wameshaingia. Kilichobaki nimenunulia hatifungani za serikali, yaani serikali inakaa na hela yangu na kunilipa faida mara mbili kwa mwaka, na mimi siwezi kuichota hovyo hata nikisifiwa. Pensheni ya mwezi inatosha mezani. Hatuli kifahari, lakini tangu mwezi wa tatu hatujampigia mtu simu ya shida.

Nilipomweleza Neema, yule mjukuu wako aliyeolewa Kisongo, alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. "Baba," akasema, "mimi nilikuwa naogopa kustaafu kwako kuliko wewe mwenyewe. Nimeshamwambia mume wangu tusizae tena mpaka nijue nyie mtaishije." Akacheka, na machozi yanamtoka. Mama, nilikuwa nadhani watoto wetu wanasubiri tupumzike. Kumbe wanahesabu tutawalemea kiasi gani. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuulala tangu nianze kazi.

Alibaki mmoja wa kumwambia, ambaye ni wewe, na uoga ukanishika. Ndipo wiki mbili zilizopita Sirili akaja na ule mkungu wa ndizi uliotutumia, asante sana, akisema amekuja kunisaidia kuchagua mabati. Nikaona siwezi kumtembeza mdogo wangu madukani kuangalia mabati ya uongo. Nikamwambia.

Alikasirika. Hakugusa chakula. "Kaka, nyumba si ya kulala tu. Siku yako ikifika tutakuleta nyumbani. Watu watakaa wapi?"

Felista akajibu kutoka jikoni, "Watakaa kwenye turubai, shemeji, kama misiba yote. Mimi nauliza atakaa wapi akiwa hai."

Sirili akavuta sahani yake, akaanza kula. Asubuhi nikimsindikiza akaniambia, "Mimi sina neno tena. Lakini kwa Mama sibebi hilo, mwandikie mwenyewe." Ndio nimekuandikia. Na tangu nimeandika ule mstari wa kwanza wa nyumba, kifua kimekuwa chepesi, hata kabla sijajua utasema nini.

Mama, kihamba sijakikataa. Siku yangu nitaletwa hapo karibu na Baba, hilo halibadiliki. Sirili achukue ile sehemu yangu apande migomba. Akina binamu watasema Kasian alikula kiinua mgongo chake mjini. Waache waseme, ila wewe ujue ukweli. Na hela yako ya kila mwezi haitakoma. Zamani nikikutumia, mara nyingine nilikuwa nimekopa kwa Neema, sikuwahi kukuambia. Sasa ni yangu.

Nisalimie Sirili na Kristina, na asante shemeji kwa kusoma. Nisalimie watoto wao wote, na shangazi, mwambie dawa yake ya macho itakuja na gari la Jumamosi. Nisalimie pia jirani yetu mzee anayekukamulia ng'ombe.

Desemba tutakuja kama kawaida, mimi na Felista. Nyumba ya kufikia hatuna. Naomba utuwekee kitanda kile cha chumba cha mbele, nilicholalia nikiwa mtoto, kama bado unanitaka.

Ni mimi mwanao,
Kasian