Salamu Nilizoziruka

Mjukuu wangu Salma, uliye Kanada,

Asalaam aleikum. Wakusalimu mamako, na ami yako Athmani, na Bi Rehema wa mlango wa pili. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, na macho ndiyo hayo, yamekwisha. Barua hii naisema tu, simu inaandika.

Uliniuliza kama programu uliyonitilia simuni, ya kutusomea sisi tusioona, inasoma yote au inaruka.

Nilipokuwa kigori, nyanya yangu alikuwa haoni. Mwanawe alikuwa Maskati, na barua zake nilikuwa nikimsomea mimi. Siku moja tuliitwa harusini mtaa wa pili, nami nina haraka. Nikaziruka salamu zile ndefu za mwanzo, nikaingia kwenye habari. Nilipomaliza aliipapasa ile karatasi.

“Mimi hakunitaja?”

“Amekutaja, Nyanya,” nikasema, nikatoka mbio. Sikurudi kumsomea zile salamu.

La, Salma, simu hairuki. Ujumbe wako ule wa swali niliurudia kuusikiliza mara tatu, nikidhani imeziruka salamu.

Nyanya yako