Kadi ya Baba Bado Inafungua Mlango

Jumanne, Naro Moru. Ukungu umeshuka tangu asubuhi. Mlima hauonekani, hata ng'ombe wa jirani namsikia tu.

Nimechoka. Mwanangu Shiku hakulala vizuri, na meneja wa kiwanda cha maziwa anataka jibu leo: nani anafungua chumba baridi kwa kadi ya marehemu?

Marehemu ni baba yangu, guka wa Shiku, yaani babu yake. Alikuwa askari wa pale hadi tulipomzika mwezi wa nne.

Programu inayosoma logi, yaani rekodi, za huo mlango niliiandika mimi, kwa lugha ya C, niliyojifunza kwa simu nikinyonyesha. Inasoma logi za mwaka jana kwanza, halafu za wiki hii. Na kila nikiiendesha, mstari wa mwisho ni ule ule: mlango umefunguliwa, na jina la Baba.

Muriithi, askari mpya, alinipigia asubuhi. "Mama Shiku, naapa sijagusa hiyo kadi. Wakinifuta kazi nitaenda wapi? Na usinicheke, lakini huko kwa mlango mimi husikia mtu akikohoa."

Sikucheka. Baba hakuingia popote kabla ya kukohoa.

Nikamtumia Kevo, aliyenifundisha hii kazi, programu yote aiangalie. Akanirudishia ujumbe wa sauti, anacheka: "Wewe mama! Unaambia laibrari isome logi na hata hujaianzisha? Hiyo memori haijapanguswa. Hizo ni takataka za faili ya zamani uliyoisoma kwanza."

Takataka.

Hajui ni jina la nani. Sikumwambia.

Kumbe ni hivyo tu. Mstari mmoja wa kuianzisha laibrari, ile programu saidizi ya kuazima, kabla ya kusoma chochote, na Baba anaondoka. Nakiri hapa: sikuuandika mara moja. Niliendesha programu vile ilivyokuwa. Tena. Na tena. Nilikuwa namwona akiingia kazini.

Kila mara, Shiku aliacha kucheza akatazama mlango wa jikoni.

Lakini Muriithi naye ni mtoto wa mtu. Nikauandika ule mstari, nikakompaili, nikaiendesha upya. Jina likatoweka. Nikamtumia meneja ripoti safi, nikamwambia kosa ni langu, kijana aachwe na kazi yake.

Ndipo Shiku akanivuta sketi. "Mami, guka ameenda na hajakunywa chai?"

Leo sijamtaja Baba kwa mdomo hata mara moja.

Nimekitoa kikombe chake kabatini, nimemimina. Kiko hapo mezani, kinatoa mvuke. Nani atakuja kukiondoa, mimi au yeye?