Kanyaga, Donatus

Serafina we, hebu sikia ya leo.

Unamjua babu na lile trekta lake bovu. Mwaka 1956, kule Kagongwa, alikuwa analibadilishia klachi na rafiki yake Donatus. Donatus yuko kitini, mguu kwenye pedali; babu, chini ya trekta, akapaza sauti: "Kanyaga!"

Kimya.

"Kanyaga, Donatus!" Kimya. Akadhani anataniwa. Kuja kutoka, kiti kitupu! Mwenzake kafuata dhahabu Geita, hata kwaheri hakumwachia. Na hakurudi tena.

Sasa leo asubuhi namkuta babu, na miaka yake tisini, kalala chini ya trekta lile lile. Anaita! Serafina, anaita! "Kanyaga, Donatus!"

Nikapanda kitini, nikakanyaga.

Babu akasema kutoka kule chini, "Mbona umekawia hivyo, bwana?"